Kusoma alama za dimenshia kwenye picha ya ubongo: ya mgonjwa na ya panya

Kazi yangu ina meza mbili. Kwenye ya kwanza nasoma picha za ubongo za wagonjwa, kwenye ya pili za panya wa maabara. Kila anayekuja kujifunza huniuliza dimenshia inaonekanaje kwenye picha, na jibu langu huwaudhi kidogo: haionekani. Dimenshia ni hali ya mtu. Kumbukumbu imemtoka, kupanga mambo kumemshinda, hawezi tena kujisimamia. Hayo unayapata kwa kuongea naye na kuongea na wanaoishi naye. Picha inakwambia tu ubongo umesinyaa wapi, unakula sukari kiasi gani, una amiloidi (protini inayojikusanya kwenye ugonjwa wa Alzheimer) au hauna. Kila alama ina swali lake inalolijibu. Ukihama kutoka kwa mgonjwa kwenda kwa panya, jina la alama linabaki lilelile lakini swali linabadilika, na hapo ndipo wengi wanapojikwaa.

Kwa hiyo kabla hujafungua faili, andika swali lako kwenye karatasi. Nasema karatasi kwa makusudi. Ukishaiona picha, jicho lina tabia ya kutunga swali linaloendana na lilichokiona.

Anza na yanayotibika

Picha ya kwanza ya mgonjwa, iwe ya CT (ya eksirei) au MRI (ya sumaku), haitafuti Alzheimer. Inatafuta damu iliyojikusanya kati ya fuvu na ubongo baada ya kuanguka, uvimbe, kiharusi, maji yaliyojaa. Kwa kazi hiyo CT inatosha, na nisingependa mtu acheleweshwe wiki nzima akisubiri MRI wakati damu inamkandamiza ubongo.

Ukikuta vyumba vya maji ya ubongo vimepanuka, pima uwiano wa Evans. Chukua upana wa pembe za mbele za vyumba hivyo, ugawe kwa upana mkubwa wa ndani ya fuvu kwenye kipande hichohicho. Ukizidi 0.3, vyumba vimepanuka kweli. Namba hiyo haisemi sababu, maana ubongo uliosinyaa nao huacha nafasi na maji yakaijaza. Angalia mifereji ya juu karibu na utosi. Ikiwa imebanwa huku ile ya ubavuni imeachana, fikiria hidrosefalasi ya shinikizo la kawaida, hasa kama mgonjwa anaburuta miguu na mkojo unamtoka bila kujua. Huyo anaweza kusaidiwa kwa kuwekewa mrija wa kupunguza maji.

Na kama kumbukumbu imeporomoka kwa wiki chache badala ya miaka, omba picha za MRI zinazopima mtawanyiko wa maji kwenye tishu. Ugonjwa wa Creutzfeldt-Jakob hung'aa humo, kwenye gamba la ubongo na kwenye viini vya ndani, mahali ambapo picha za kawaida zinaweza kuonekana safi.

Hipokampasi, bila haraka

Hipokampasi ni sehemu ya ndani ya ubavu wa ubongo inayosaidia kumbukumbu, na hapa ndipo ninapotaka utumie muda. Fungua picha za MRI za aina ya T1 zenye vokseli (kichembe cha ujazo cha picha) ya takriban milimita 1 kila upande. Zigeuze upate mkato wa wima unaokwenda kutoka sikio hadi sikio, kisha uinamishe mkato huo mpaka uwe wima kabisa kwa urefu wa hipokampasi. Wengi huruka hatua hii ya kuinamisha. Hipokampasi iliyokatwa kimshazari huonekana nene kuliko ilivyo, na mgonjwa anaandikiwa kwamba ni mzima.

Sasa tumia kipimo cha Scheltens cha mwaka 1992, kinachotoa alama 0 hadi 4. Angalia vitu vitatu, kwa mpangilio huu. Kwanza ufa wa koroidi, mwanya mwembamba ulio juu ya hipokampasi. Pili pembe ya chini ya chumba cha maji, iliyo ubavuni mwake. Tatu kimo cha hipokampasi yenyewe. Ufa peke yake ukiwa umepanuka, andika 1. Ufa na pembe vikiwa vimepanuka, 2. Kimo kikianza kupungua waziwazi, 3. Hipokampasi ikiwa imebaki ukanda mwembamba ndani ya maji, 4. Kulia na kushoto huandikwa mbalimbali.

Kwa mtu aliye chini ya miaka 75, alama 2 kwenda juu si ya kawaida. Akishavuka 75, tunasubiri mpaka 3. Mimi nina utaratibu wangu: natoa alama kwanza, umri nauangalia baadaye. Ukijua mapema kwamba mgonjwa ana miaka 82, mkono unaandika 3 kabla jicho halijafika.

Tahadhari mbili. Hipokampasi iliyosinyaa haina maana ya Alzheimer moja kwa moja, kwa sababu kuna magonjwa mengine yanayoila sehemu hiyohiyo. Na hipokampasi nzima haimwondolei mtu Alzheimer. Wanaoupata ugonjwa kabla ya miaka 65 mara nyingi huanza kusinyaa nyuma, kwenye gamba la juu karibu na kisogo. Hao wanalalamika kwamba hawasomi vizuri au hawapimi umbali, wanapelekwa kwa daktari wa macho, na macho yanakutwa hayana kasoro. Kwa eneo hilo kuna kipimo cha Koedam, 0 hadi 3, na huangaliwa kwa mikato yote mitatu, sio mmoja. Dimenshia ya sehemu ya mbele ya ubongo, kwa upande wake, husinyaza paji na ncha za ubavuni, na mara nyingi upande mmoja hutangulia mwingine.

Ukitaka namba badala ya alama za jicho, programu itakupimia ujazo. Hipokampasi moja ya mtu mzima ni kama sentimita 3 za ujazo. Gawa kwa ujazo wa ndani ya fuvu, la sivyo utakuwa unapima ukubwa wa kichwa. Kinachonivutia zaidi ni mwendo: wazee wenye afya hupoteza asilimia 1 au zaidi kidogo ya hipokampasi kwa mwaka, wagonjwa wa Alzheimer kama 4 hadi 5. Tofauti ya namna hiyo inamezwa kirahisi na mashine. Kama picha ya mwaka jana ilipigwa kwenye skana nyingine, au mtu amebadilisha mpangilio wa upigaji, usilinganishe namba kana kwamba ni za mtu yuleyule kwenye mizani ileile.

Maada nyeupe na madoa ya damu

Kipimo cha Fazekas cha 1987 ni cha haraka. Kwenye picha za FLAIR, aina ya MRI, unatoa alama kwa madoa ya maada nyeupe (nyaya za neva za ubongo): 0 ni safi, 1 ni nukta, 2 ni nukta zilizoanza kuungana, 3 ni mabaka makubwa. Alama 3 inaelekeza kwenye mishipa ya damu, na wagonjwa wengi wazee wana vyote viwili, mishipa na Alzheimer, hata kama fomu inataka uweke tiki moja.

Madoa madogo ya damu yanahitaji picha maalum zinazohisi chuma, T2* au SWI. Usiyahesabu tu, andika yako wapi. Yaliyo ndani, kwenye viini na shina la ubongo, mara nyingi ni ya shinikizo la damu. Yaliyo kwenye gamba la nje pekee yanaashiria amiloidi kwenye kuta za mishipa. Zamani hesabu hii ilikuwa mapambo ya ripoti. Tangu lecanemab, dawa ya kuondoa amiloidi, iidhinishwe kikamilifu nchini Marekani mwaka 2023, na donanemab 2024, ni mojawapo ya mambo yanayoamua nani aanze dawa. Majaribio makuu ya lecanemab yaliwaacha nje wenye madoa zaidi ya 4, kwa kuwa dawa hizi zinaweza kuleta uvimbe na kuvuja damu ubongoni, hasa kwa wenye nakala mbili za APOE4, jeni inayoongeza hatari ya Alzheimer. Mgonjwa anayetumia dawa hizo hurudishwa kwenye MRI kwa ratiba, na wewe unalinganisha na picha ya mwanzo. Kama picha ya mwanzo ilisomwa kwa pupa, huna cha kulinganisha nacho.

Sukari, amiloidi, tau

PET ni picha ya kifuatilizi, dawa yenye mionzi kidogo inayodungwa mwilini. PET ya sukari, FDG, inajibu swali la kazi: seli zinakula kiasi gani? Mgonjwa akae kimya kwenye chumba chenye mwanga hafifu kabla na baada ya sindano, na sukari ya damu ipimwe kwanza. Eneo la kwanza la kuangalia ni katikati kwa nyuma, pale nusu mbili za ubongo zinapotazamana: singuleti ya nyuma na prekuniasi. Alzheimer huanza kufifia hapo na kwenye gamba la juu na la ubavuni. Eneo la mwendo, gamba la kuona na serebela hubaki ziking'aa. Gamba la kuona likififia huku singuleti ya nyuma imesimama, fikiria dimenshia ya miili ya Lewy, kisha omba picha ya dopamini. Kwa mtu mwenye afya viini vinavyopokea dopamini huonekana kama koma mbili, kwa mgonjwa wa Lewy mkia hupotea na zinabaki nukta.

PET ya amiloidi ilifunguliwa njia na kifuatilizi cha PiB, kilichochapishwa mwaka 2004. PiB hutumia kaboni 11, ambayo nguvu yake hupungua nusu kila dakika 20 hivi, kwa hiyo hospitali isiyo na saiklotroni yake, mashine ya kutengeneza kaboni hiyo, haiwezi kuitumia. Florbetapir, iliyoidhinishwa 2012, na wenzake flutemetamol na florbetaben, hutumia florini 18 yenye dakika 110, nao husafirishika.

Anayeanza hushtuka kukuta picha ya mtu asiye na amiloidi ina rangi tele. Vifuatilizi hivi hunata kwenye maada nyeupe ya kila mtu. Usitafute rangi, tafuta mpaka. Kwenye picha hasi utaona maada nyeupe ikiwa na matawi yake, na gamba la kijivu likiwa hafifu kulizunguka. Kwenye picha chanya mpaka huo unafutika, rangi inafika mpaka ukingoni mwa ubongo. Tumia skeli ya rangi iliyoelekezwa kwa kifuatilizi husika. Ukitaka namba zinazolinganishika kati ya vifuatilizi, kuna skeli ya Sentiloidi ya mwaka 2015: 0 ni wastani wa vijana wasio na amiloidi, 100 ni wastani wa wagonjwa wa kawaida wa Alzheimer.

Na matokeo uyasome hivi. PET ya amiloidi ikiwa hasi kwa mtu mwenye dimenshia, Alzheimer haielekei kabisa kuwa sababu. Ikiwa chanya, umejua kwamba amiloidi ipo, basi. Hujikusanya miaka 15 hadi 20 kabla ya dalili, na wazee wengi wanaojitegemea wanayo. Tau, protini ya pili ya Alzheimer, ndiyo inayotembea pamoja na dalili: pale ilipo tau ndipo seli zinapokufa na ndipo mtu anaposhindwa. Flortaucipir, kifuatilizi cha tau, iliidhinishwa 2020, na picha yake huanza kupigwa dakika ya 80 baada ya sindano. Ina kero moja ninayoitaja kwa kila mgeni. Hunata pia kwenye koroidi pleksasi, tishu inayotengeneza maji ya ubongo na jirani wa hipokampasi, na mng'ao wake humwagikia humo. Kwa sababu hiyo hipokampasi siitegemei sana kwenye tau PET. Naangalia gamba la entorhina, lililo jirani na hipokampasi, na sehemu ya chini ya gamba la ubavuni.

Sasa panya

Panya wa kawaida hapati Alzheimer. Beta-amiloidi yake inatofautiana na yetu kwa asidi amino 3, na hata akizeeka haifanyi mabonge. Ndiyo maana anapandikizwa jeni za binadamu zenye mabadiliko yale ya familia adimu zinazorithi ugonjwa. Ukoo wa Tg2576 ni wa mwaka 1996. Panya wa ukoo wa 5xFAD hufanya mabonge akiwa na takriban miezi 2. Panya wa 2014, aliyebadilishwa jeni yake mwenyewe ya APP (inayozaa beta-amiloidi) badala ya kuongezewa nyingine, alikuja kupunguza kasoro za waliotangulia.

Swali la kwanza kwa panya yeyote ni hili: huyu ana nini, na hana nini? Panya wengi wa amiloidi wana mabonge tele lakini seli zao za neva hazifi kwa wingi. Ukipima ujazo wa hipokampasi kwa MRI na usipate tofauti, mashine haina kosa. Wa kusinyaa ni panya wa tau, kama PS19 na rTg4510. Lakini mabadiliko ya tau waliyowekewa yametoka kwa familia zenye dimenshia ya sehemu ya mbele. Kwenye Alzheimer jeni ya tau ni nzima. Kwa hiyo kusinyaa kwa panya huyo na kusinyaa kwa mgonjwa wako wa alama 3 vinashirikiana jina tu, mpaka uonyeshe vinginevyo. Tena kwa rTg4510 ilikuja kubainika mwaka 2019 kwamba jeni ilipochomekwa iliharibu jeni nyingine za panya mwenyewe, na sehemu ya uharibifu wa ubongo inatokana na hilo. Waliopima dawa kwa panya huyu walikuwa na kazi ya kurudia hesabu zao.

Pili, ukubwa. Ubongo wa panya hauzidi sana nusu gramu, wetu ni kama kilo 1.3 hadi 1.4. MRI inamudu, kwa sumaku za tesla 7 hadi 11.7 na vokseli za sehemu ya kumi ya milimita. PET haimudu vile. Skana nzuri ya wanyama wadogo huona kwa milimita 1 hivi, na ubongo mzima una upana wa milimita 10 tu. Kila eneo linammwagia jirani yake.

Hilo unaliona vizuri kwenye FDG ya panya. Mnyime chakula kwa saa kadhaa. Mpashe joto kabla ya sindano, kwa sababu panya aliyepoa huchoma mafuta ya kahawia na sukari yako yote huishia mabegani. Mdunge akiwa macho, mrudishe kwenye kizimba chenye joto, umwache dakika 30 hadi 45. Baada ya hapo ndipo umpe isoflureni, dawa ya usingizi, na kumweka kwenye skana. FDG hunaswa ndani ya seli, hivyo picha unayoipata ni ya muda aliokuwa macho. Ukimlaza kwanza, umepiga picha ya dawa ya usingizi. Kisha fungua picha na uangalie nyuma ya macho: tezi za Harder hula FDG kwa pupa, na mng'ao wake hupanda mpaka kwenye ubongo wa mbele. Nimeshaona mabango ya mikutano yakitangaza paji la panya lililochangamka, na kilichochangamka ni tezi.

Hata ukifanya yote hayo, jibu linaweza kukushangaza. Kwa mgonjwa wa Alzheimer sukari hupungua. Kwa panya wa amiloidi tafiti zimetoa majibu yanayopingana, wengine wamepata pungufu, wengine ongezeko. Sehemu ya maelezo ni mikroglia, seli za kinga za ubongo, ambazo zikichokozwa na amiloidi hula sukari nyingi. Panya ana mabonge mengi, mikroglia wengi waliochokozwa, na niuroni ambazo bado ziko hai. Alama ni ileile, FDG, lakini hapa inaweza kuwa inajibu swali la uvimbe wa kinga badala ya swali la seli za neva kufa.

Amiloidi PET nayo hugeuka. Nimesema picha hasi kwa mtu ina uzito. Kwa panya haina. PiB hunata vibaya kwenye aina kadhaa za panya wa APP, hata ubongo ukiwa umejaa mabonge, kwa sababu mabonge yao yana sehemu chache za kuishika. Kata ubongo, upake rangi, uangalie kwa hadubini, ndipo useme hakuna.

Kuna panya wengine ambao hawaoni. Tg2576, kutokana na mchanganyiko wa koo zake, anaweza kubeba jeni ya rd1 inayoua retina. Panya kipofu akishindwa kulikumbuka jukwaa kwenye jaribio la kumbukumbu la dimbwi la maji, usiende kutafuta sababu hipokampasi. Mpime jeni hiyo kwanza. Na usichanganye jike na dume kwenye kundi moja bila kusema. Majike wa 5xFAD na 3xTg huwa na ugonjwa mwingi zaidi.

Mnyama ninayetamani apewe nafasi zaidi ni mbwa mzee. Beta-amiloidi yake ina mfuatano uleule wa binadamu, hujikusanya yenyewe bila kupandikizwa kitu, vyumba vyake vya maji hupanuka na gamba husinyaa, na mwenye mbwa huona anapotea ndani ya nyumba aliyokulia. Tau iliyojisokota kama ya kwetu ni nadra kwake, kwa hiyo naye ana mpaka wake.

Mazoezi na ripoti

Kwa mazoezi ya macho, omba ruhusa ya kutumia picha za ADNI, mradi wa picha za Alzheimer ulioanza mwaka 2004 Amerika ya Kaskazini, ambao hutoa data zake kwa watafiti wa nchi zote. Chukua wagonjwa na wazima, ficha majina ya makundi, toa alama za Scheltens, kisha rudia baadaye bila kuangalia za mwanzo. Ukitofautiana na wewe mwenyewe mara kwa mara, rudi kwenye kuinamisha mkato.

Ripoti ya mgonjwa iandike kwa mpangilio: kinachotibika kipo au hakipo, hipokampasi kulia na kushoto, gamba la nyuma, Fazekas, madoa ya damu na mahali yalipo, halafu sentensi moja inayosema mwonekano unaendana na nini. Neno "unaendana" lisiondolewe. Anayegundua ugonjwa ni daktari aliyemwona mtu.

Ripoti ya panya iwe ndefu zaidi, ingawa watu hufanya kinyume. Ukoo, jinsia, umri kwa miezi, saa alizonyimwa chakula, joto la mwili, dawa ya usingizi na ilianza lini kabla au baada ya sindano, eneo la marejeo, na nani alisoma picha bila kujua makundi. Mwongozo wa ARRIVE wa kuripoti tafiti za wanyama, uliorekebishwa 2020, unayadai mengi ya hayo. Ukileta ripoti mezani kwangu bila joto la mwili wa panya, nairudisha kabla sijaangalia picha.